Je, Wimbo Umeiva? Somo kwa Wanaojifunza Gitaa na kwa Kanisa Linalowangoja

Maandiko ya kusoma nyumbani: 1 Mambo ya Nyakati 25:6–8, 1 Wakorintho 14:7–8, 1 Samweli 17:38–40



Alhamisi iliyopita baada ya mazoezi ya timu ya kusifu na kuabudu, kijana mmoja wa kidato cha tatu alibaki nyuma akikunja waya wa gitaa polepole, vile mtu hufanya akiwa na neno moyoni. Mwishowe akaniuliza, "Pasta, nitajuaje kama nimeujua wimbo?" Nilimjibu haraka kwa sababu baridi ya Mau ilikuwa imeniingia na mtu wa bodaboda alikuwa ananingoja nje. "Endelea tu na mazoezi, utajua." Akasema, "Asante pasta," akaenda zake.

Nilipofika nyumbani jibu langu likaanza kunikera. Halikuwa jibu. Ni kama mkulima akuulize atavuna viazi lini, umwambie aendelee tu kupalilia.

Na swali lake lina uzito kuliko linavyoonekana. Ndugu yetu ambaye ametupigia gitaa kwa miaka hii yote amepata kazi Nairobi, na Jumapili ya mwisho wa mwezi huu ndiyo yake ya mwisho nasi. Anayebaki ni huyu kijana, mwenye wiki tisa za gitaa na wimbo mmoja anaoupenda. Tukimsimamisha mbele kabla ya wakati, tunaweza kumvunja. Tukimzuia mpaka awe fundi kamili, tunaweza kumpoteza. Mimi nimefanya makosa yote mawili, nitawaambia hapa chini. Kwa hivyo somo la wiki hii ni la wale wanaojifunza, lakini pia ni la wewe unayeketi kwenye benchi, maana utakuwa unamsikiliza.

Hapa kwetu hakuna anayehitaji kufundishwa kiazi kilichoiva. Huangalii majani peke yake. Unakata mashina, unangoja kama wiki mbili ngozi ikomae, halafu unafukua kimoja na kukisugua kwa kidole gumba. Ngozi ikichubuka, bado. Ukivuna hivyo hivyo, kitaoza kwa gunia kabla hakijafika sokoni. Ngozi ikishika, ita watu. Nimekuwa nikitafuta hicho kidole gumba cha wimbo.

Tuanze na Neno. Paulo akiwaandikia Wakorintho anatumia mfano wa vyombo vya muziki: filimbi na kinubi visipotoa sauti zinazotofautiana, nani atajua kinachopigwa? Na tarumbeta ikitoa sauti isiyoeleweka, nani atajiandaa kwa vita? Najua sura ile ni ya lugha na unabii, si ya gitaa. Lakini Paulo angeweza kuchukua mfano wowote, na akachukua huu kwa sababu kila mtu Korintho alikuwa ameshasikia chombo kikipigwa vibaya. Tazama anachopima. Haulizi mpigaji ana vidole vyepesi kiasi gani. Anauliza aliye mbali ameelewa afanye nini. Askari anajua aamke? Basi swali la kwanza kwa mpigaji wetu ni hili: kanisa likisikia gitaa lako, linajua liingie wapi na liimbe kwa mwendo gani?

Sasa tuchukue wimbo wenyewe. Kijana amechagua "Yesu Kwetu ni Rafiki" wa kwenye Tenzi za Rohoni. Maneno yake ya Kiingereza yaliandikwa na Joseph Scriven mwaka 1855, na tuni tunayoimba ilitungwa na Charles Converse mwaka 1868. Amechagua vizuri sana, pengine bila kujua. Ubeti mzima unabebwa na kodi tatu tu: G, C na D. (Kodi za gitaa, si zile za KRA. Hizi ukilipa unarudishiwa.) Kwenye timu tunachora wimbo kwa maboksi, kila boksi hesabu nne. Huu una maboksi kumi na sita, hivi: mstari wa kwanza G, C, G, D. Mstari wa pili G, C, kisha boksi moja lenye G na D nusu kwa nusu, halafu G. Mstari wa tatu D, G, kisha boksi la C na G nusu kwa nusu, halafu D. Mstari wa nne unafanana na wa pili.

Angalia kitu kizuri. Kutoka mwanzo hadi mwisho, C haigusani na D hata mara moja. Kila safari inapitia G. Kwa hivyo mwanafunzi ana mabadiliko mawili tu ya kujifunza, G na C, G na D, kwenda na kurudi. Nilisomea biashara, na hesabu haijanitoka, kwa hivyo tupige hesabu. Tukiimba kwa mapigo 72 kwa dakika, boksi la hesabu nne linachukua sekunde tatu na kitu. Hapo una muda wa kutosha kuhamisha vidole. Lakini kwenye yale maboksi ya nusu kwa nusu unabadilisha kila baada ya mapigo mawili, yaani kwa kasi ya mabadiliko 36 kwa dakika. Hapo ndipo kila anayeanza hukwama, na hukwama mahali pale pale kila ubeti, kisha anasema wimbo ni mgumu. Wimbo si mgumu. Ni boksi tatu kati ya kumi na sita.

Kwa hivyo weka simu yako kwa dakika moja na uhesabu: G, C, G, C, kila badiliko moja, na uhesabu tu yale ambayo nyuzi zimelia safi. Ukipata 20, unaweza kupiga mstari wa kwanza na si wa pili. Ukipata 36, umefika ukingoni, na ukingoni si mahali pa kusimama siku ya Jumapili. Mimi huwaambia wafike 45 kabla hatujazungumza. Fanya hivyo hivyo kwa G na D. Hii inachukua dakika mbili kwa siku. Haina upako wowote, ni kama kuchambua mbegu, lakini inakuambia ukweli ambao masikio yako hayatakuambia, kwa sababu masikio ya mtu anayejipenda husamehe.

Hiyo bado ni vidole tu. Mtu anaweza kubadilisha kodi mara 60 kwa dakika na bado hajui wimbo.

Kinachotofautisha ni mwendo kutosimama. Niliwahi kukaa nyuma ya kanisa na karatasi nikiweka alama kila mara mpigaji anapokosea, nikidhani nafanya ukaguzi wa ubora kama tulivyofundishwa chuoni. Nikagundua nahesabu kitu kisichofaa. Yule aliyekosea mara nyingi zaidi ndiye kanisa liliimba naye vizuri zaidi. Kwa nini? Alikuwa akigusa uzi mfu au kusahau C, lakini mkono wa kulia haukuacha kutembea. Mwingine alikosea mara mbili tu, ila kila akikosea alisimama, akarudi nyuma kurekebisha, na watu mia moja wakabaki na neno nusu mdomoni. Kosa linalopita halihesabiki. Kosa linalosimamisha watu linahesabika hata likiwa moja.

Na hapa nyumbani ndipo tunajifundisha vibaya. Ukikosea chumbani unarudia. Ukikosea tena unarudia. Baada ya miezi miwili umefanya mazoezi mengi sana ya kusimama. Ndiyo maana kuna siku za kujifunza, ambapo unarudia boksi moja mara hamsini, na kuna siku za kupiga, ambapo ukianza huachi mpaka ubeti wa mwisho, hata nyumba ikiungua. Usizichanganye.

Kama huna metronomu kwenye simu, kuna njia ya zamani. Wale wapiga gitaa wakongwe wa upande wa Kakamega, kina George Mukabi aliyefariki 1963, walikuwa na mtu wa pili anayekwaruza chupa ya soda kushika mwendo. Sizungumzii maneno ya nyimbo zao wala mahali walipopigia, nisije nikaitwa na wazee. Nazungumzia chupa. Chupa haimsubiri mtu. Mpe mdogo wako chupa na kijiko, mwambie asisimame hata wewe ukisimama, halafu upige beti tatu. Utajua hali yako siku hiyo hiyo. Nao hawakuwa na cheti wala kitabu. Jean-Bosco Mwenda kule Katanga hakuwa mwanafunzi wa chuo cha muziki, na bado Hugh Tracey alipomrekodi "Masanga" mwaka 1952, gitaa moja lilisikika kama mawili.

Halafu kuna jaribio la asubuhi. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha kazi yake juu ya kusahau. Alijipima mwenyewe na akaona kwamba sehemu kubwa ya mtu alichokariri humtoka ndani ya saa chache za mwanzo na siku ya kwanza, kisha kupotea kunapungua mwendo. Sisi wapiga gitaa tunajidanganya hapo. Unapiga wimbo mara ishirini Jumamosi jioni, ile ya ishirini inatoka tamu, unalala ukishukuru. Lakini Jumapili kanisa halitasikia ile ya ishirini. Litasikia ya kwanza. Kwa hivyo usipime kwa ile ya mwisho ya mazoezi. Acha gitaa siku mbili tatu. Kisha asubuhi, vidole vikiwa bado na baridi, lichukue na upige mara moja tu, bila kurudia. Hiyo ya kwanza ndiyo kiwango chako. Nyingine zote ni matumaini.

(Na kwa sababu tumetaja baridi: nyuzi za chuma zikipata joto hulegea na sauti kushuka. Ukipatanisha gitaa saa moja asubuhi kanisa likiwa friji, saa nne jua limepiga mabati na watu wamejaa, haliko tena pale uliliacha. Sikiliza tena wakati wa matangazo. Hakuna atakayekulaumu.)

Sasa nije kwa Daudi, maana wengi tunamkumbuka kwa kombeo tu. Kabla ya Goliathi, mtumishi mmoja wa Sauli alimtaja kwa mfalme kama mtu anayejua kupiga kinubi. Na baadaye, kwenye 1 Samweli 18, tunamkuta akipiga kama ilivyokuwa kawaida yake ya kila siku, huku Sauli akiwa na mkuki mkononi. Fikiria hiyo nafasi ya kazi. Unapiga, na macho yako hayawezi kuwa kwenye vidole, yako kwenye mkuki. Mtu anayehitaji kutazama freti hawezi hiyo kazi, na Daudi alihitaji macho yake sana siku hiyo.

Kwetu hakuna mkuki, lakini kuna kiongozi wa sifa. Anainua mkono, anataka mrudie pambio. Anashusha mkono, anataka wote wanyamaze isipokuwa gitaa. Mchungaji anaanza kuomba katikati ya ubeti wa tatu, na wewe unapaswa kuendelea chini chini kwa dakika kumi bila kujua utaisha lini. Wimbo wetu wa Kipentekoste hauna mwisho ulioandikwa, sote tunajua. Kwa hivyo mpime mwanafunzi hivi: apige huku akiimba. Apige huku akikujibu maswali madogo, "Umekula nini? Mama hajambo?" Apige akikutazama usoni. Inachekesha, lakini anayeweza kusema amekula chapati bila kupoteza hesabu, wimbo umeshatoka kichwani ukaingia mwilini. Hapo ndipo anakuwa na nafasi ya kuabudu yeye mwenyewe. Kabla ya hapo anafanya kazi tu, na tusimlaumu kwa uso uliokunjamana.

Nije kwa kosa langu la kwanza. Nilikuwa mwanafunzi, mwaka wa pili chuoni, nikajiona mpigaji. Tulienda mazishi ya mama mmoja wa familia tunayoifahamu. Nilibeba gitaa bila kuombwa. Wimbo wa kwenda kaburini niliujua, niliupiga chumbani miezi mitatu, tena vizuri, katika G. Wamama wakaanza kuimba wakiwa wanatembea, na hakuna aliyeniuliza ufunguo. Walianzia mahali sauti zao zilipoangukia, na baadaye nilikuja kuelewa ilikuwa B bemoli. Mimi nilikuwa na G yangu. Nikatafuta. Nikajaribu A, nikajaribu C, nikapiga kwa nguvu zaidi nikidhani nitawavuta waje kwangu. Wimbo ukaanza kuyumba. Bintiye marehemu akageuka akanitazama, hakuwa amekasirika, alikuwa amechanganyikiwa tu. Kisha mzee mmoja akaja kando yangu, akaweka kiganja chake juu ya nyuzi, taratibu. "Kijana, hebu tuimbe." Gitaa likanyamaza na wimbo ukasimama tena wenyewe.

Sijawahi kusahau kile kiganja.

Niliujua ule wimbo? Niliujua ufunguo mmoja wa ule wimbo. Kapo ndogo kwenye freti ya tatu ingenifikisha pale, kwa vidole vile vile vya G, kama ningejua kuitumia. Daudi alipovishwa silaha za Sauli alizivua, akisema hajazijaribu. Hakusema ni mbaya. Alikataa kwenda vitani na kitu ambacho hakijapitia mikononi mwake. Mimi sikuwa na hekima hiyo. Kwa hivyo kwa wimbo wowote sasa nauliza: umeupiga kwa funguo ngapi? Chukua "Yesu Kwetu ni Rafiki", upige G bila kapo, kisha kapo freti ya pili upate A, kisha ya tatu upate B bemoli. Halafu fanya zoezi gumu zaidi: mwambie mama au dada yako aanze kuimba anapotaka, wewe umtafute kimya kimya, uzi mmoja kwa sauti ya chini, na usiingie mpaka umempata. Kuna mtu atasema, si mwimbaji ndiye amfuate mpigaji? Kwenye studio, labda. Hapa kwetu mama wa Idara ya Wanawake akianza wimbo wakati wa shuhuda, Roho amemgusa, hatakuuliza ufunguo. Na asikuulize.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani nataka kufunga mlango. Sasa nije kwa kosa la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi.

Kulikuwa na dada hapa kanisani aliyejifunza gitaa kwa bidii. Baada ya ile aibu ya mazishi nilikuwa mkali, na nilipopewa kusimamia timu nilisema hakuna mtu atasimama mbele kabla hajaiva. Alikuwa akija kila Alhamisi. Alikuwa akiniuliza, "Pasta, Jumapili hii?" Na mimi, "Bado kidogo." Mwaka mzima bado kidogo. Sikuwahi kumwambia bado nini. Sikuwa na kipimo chochote, nilikuwa na hofu yangu tu, na nilimtwika yeye. Siku moja hakuja. Alhamisi iliyofuata hakuja pia. Leo anatumika kwenye kanisa lingine upande wa Njoro, anapiga vizuri, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini nilipitia rekodi za simu za mazoezi yetu ya zamani, na nawaambia ukweli, alikuwa ameiva miezi minane kabla hajaondoka.

Nimesoma 1 Mambo ya Nyakati tena na macho hayo. Sura ya 23 inasema Daudi aliwaweka watu 4,000 wa kumsifu Bwana kwa vyombo. Sura ya 25 inahesabu wale waliofundishwa na kuwa stadi wa nyimbo: 288, makundi ishirini na manne ya watu kumi na wawili. Sisemi orodha zile mbili zimeandikwa zilinganishwe, lakini kwa hesabu ya kawaida 288 kwa 4,000 ni kama saba kwa kila mia. Kama nyumba ya Bwana ingewangoja stadi peke yao, ingekuwa kimya sana. Na usiache mstari wa 8, ambao mimi nilikuwa nauruka. Walipiga kura za zamu zao wote sawasawa, mdogo kama mkubwa, mwalimu kama mwanafunzi. Mwanafunzi alikuwa ndani ya zamu! Alikuwa upande wa mwalimu wake, akihudumu huku anajifunza.

Hata dunia yenye masharti makali haidai ukamilifu. Ile bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ABRSM, ambayo hata Wakenya hufanya mitihani yake, hutoa alama kati ya 150. Kufaulu ni 100. Daraja la juu kabisa linaanzia 130. Hakuna anayefelishwa kwa kukosa 150. Mimi nilikuwa nadai 150 kwa dada aliyekuwa na gitaa la mtumba na uzi mmoja umeungwa kwa fundo.

Kwa hivyo nimeacha kuuliza kama mtu "ameiva", kana kwamba kuna kuiva kumoja. Swali ni, ameiva kwa kazi gani? Kwenye ushirika wa nyumbani, watu kumi na wawili kwa sebule, chai inachemka, anatosha yule asiyesimama hata kama anatazama vidole. Watu pale ni jamaa, watamsubiri. Jumapili akiwa na kinanda na ngoma nyuma yake, sauti ya gitaa ikiwa chini, anatosha yule aliyepita jaribio la asubuhi na anayeweza kuinua macho kumwona kiongozi. Akipotea, anainua mkono kutoka kwenye nyuzi, anasikiliza, anarudi kwenye boksi la kwanza la mstari unaofuata. Kujua kunyamaza kwa boksi mbili na kurudi bila aibu ni sehemu ya kuujua wimbo, na hatuifundishi vya kutosha. Lakini kesha, au mazishi, au siku stima imepotea na gitaa ndilo peke yake linabeba watu wote, hapo nataka mtu wa funguo tatu. Hiyo nafasi haitolewi kwa huruma.

Nimesikia wapendwa wengine wakisema, "Pasta, mwache tu, Roho atamwongoza." Amina, na ataongoza. Elisha kwenye 2 Wafalme 3 aliomba aletewe mpiga kinubi, na alipokuwa akipiga, mkono wa Bwana ukaja juu ya nabii. Lakini jina la yule mpigaji hatulijui, na hatuambiwi alikosea wala alipatia. Aliitwa ghafla, katikati ya safari ya vita, jangwani ambako maji yalikuwa yameisha, na alikuwa tayari. Mazoezi yake yalifanyika siku nyingine ambayo hakuna aliyeiandika. Zaburi 33:3 nayo inaweka ustadi na shangwe kwenye mstari mmoja, kwa hivyo sioni kwa nini sisi tuvigombanishe.

Kwa wewe unayeketi kwenye benchi, nina ombi. Utakapomwona kijana mbele na gitaa, imba kwa sauti. Anayeanza akisikia kanisa linaimba kwa nguvu, mwendo wake unashikwa na watu mia moja. Akisikia kanisa limenyamaza kumsikiliza, vidole vinaganda. Na baada ya ibada usimwambie "ulikosea pale". Anajua. Mwambie ni mstari gani uliimba bila kukumbuka kuna mtu anapiga.

Jumatano hii, ushirika wa nyumbani upande wa juu karibu na cattle dip, saa kumi na moja jioni, kijana wetu atapiga "Yesu Kwetu ni Rafiki", beti zote, wimbo huo mmoja tu. Nimemwambia vipimo vyake waziwazi safari hii: G na C yuko 47 kwa dakika, G na D yuko 38 na anaipandisha. Mdogo wake amekubali kugonga chupa. Jumapili ya tarehe itakayotangazwa atakaa kando ya ndugu yetu kabla hajasafiri, wote wawili kwenye zamu moja, mwalimu na mwanafunzi. Kapo nimemnunulia.

Na Jumanne nilimpigia simu yule dada wa Njoro. Nilimwomba msamaha, kwa jina la kosa lenyewe, bila kuzunguka. Alinyamaza kidogo, akacheka, akaniuliza kama bado nakaa nyuma na karatasi nikiweka alama. Nikamwambia karatasi nimeitupa. Akasema akipata Alhamisi moja atakuja kumwonyesha kijana ile G na D, kwa sababu, alisema, mimi mwenyewe hiyo yangu bado kidogo.